Kaye, kitansi na simu: historia ya fakitire ya mfanyabiashara mdogo wa Bunyakiri

Bulambika, Bunyakiri. – Wiki iliyopita mama mmoja aliyekuwa na depo ya sabuni, chumvi na sukari hapa sokoni alinitumia ujumbe wa sauti. Alikimbia na watoto na furushi la nguo. Kaye la madeni lilibaki ndani ya kabati, na nyumba ilivunjwa. Sasa anataka kuanza tena kidogo kidogo, na kijana mmoja amemwambia anunue programu ya kutengeneza fakitire kwenye simu, eti serikali itafunga kila mtu asiyekuwa nayo. Aliniuliza: "Mwanangu, nichague ipi?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili. Nilipoanza kuuliza wazee na wahasibu, niliona kwamba swali lake lina umri mkubwa kuliko simu. Kabla ya kuuliza programu ipi, afadhali tuulize fakitire ni ya nani: ya anayeuza au ya anayetoza? Hapa kwetu, kwa zaidi ya miaka 100, jibu limekuwa la pili. Ndiyo sababu watu wengi wa sokoni wakisikia neno fakitire wanaficha mfuko.

Sikilizeni maneno yetu wenyewe. Tukiongea biashara tunasema hesabu, deni, faida, hasara, mali, dhamana. Maneno hayo yalifika mashariki ya Kongo pamoja na Kiswahili chenyewe, katika karne ya 19, kwa misafara iliyotoka pwani mpaka Kasongo na Nyangwe, upande wa Maniema. Misafara ile ilitembea kwa mkopo. Tippu Tip alichukua mali kwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, na kuirudisha kwa pembe za ndovu baada ya safari ndefu. Deni lilikuwa na hesabu yake na watu waliolijua, la sivyo msafara haukuondoka. (Misafara hiyo hiyo ilibeba watu waliofungwa kamba, tusijisahaulishe.) Lakini tukiingia ofisini, lugha inageuka: taksi, patanti, kitansi, fakitire. Hayo yametoka kwenye Kifaransa cha ofisi za Mbelgiji. Maneno ya kuuza yalikuja na wachuuzi, maneno ya kutoza yakaja na bwana mkubwa, na mpaka leo katika kinywa cha mtu wa Bulambika hayo ni mafungu mawili.

Wakati wa Leopold II, kati ya 1885 na 1908, mtu alitozwa kwa mpira na kwa jasho lake. Ubelgiji ilipochukua nchi, kuanzia 1910 kodi ya kichwa ikadaiwa kwa pesa. Baadaye malipo yakawa yanaandikwa katika kitabu cha kitambulisho, na mtu aliyekutwa njiani bila alama ya malipo alijua kinachomngoja. Karatasi ya kwanza ambayo babu zetu wengi waliishika mikononi haikusema wana mali gani, wala nani ana deni lao. Ilisema tu kwamba wamekwisha kulipa, waachwe wapite. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalikuta tena barabarani.

Biashara kubwa za Bukavu na za njia ya Kisangani zilikuwa mikononi mwa wageni: Wagiriki, Wahindi, Wareno, Wabelgiji. Vitabu vyao vya hesabu viliandikwa vizuri, lakini mtu mweusi aliyekuwa karani au mbeba mizigo hakufundishwa kuvisoma. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Wengine walipokea funguo, bidhaa zilizojaa kwenye rafu na vitabu vya hesabu ambavyo hawakuvielewa. Waliuza mpaka rafu zikaisha, hawakuagiza nyingine. Watu husema ni uvivu na tamaa. Tamaa ilikuwepo, lakini mimi nadhani kulikuwa na jambo la pili: mtu alipewa duka bila kupewa hesabu. Kama hujui ni kiasi gani cha sanduku ni faida na kiasi gani ni cha kununulia bidhaa tena, utakula duka lako mwenyewe bila kuona.

Yaliyofuata yaliua imani ya watu katika maandishi ya pesa. Siku ya Noeli ya 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, zikabadilishwe kwa siku chache na kwa kiasi kidogo. Aliyekuwa na akiba kijijini, mbali na benki, alibaki na karatasi ya kuwashia moto. Mwezi wa Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franka ya Kongo: moja kwa zaire mpya 100 000. Pigeni hesabu pole pole. Franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za zile za kwanza. Mtu aliyekuwa na kaye la madeni la mwaka 1990, lililoandikwa kwa wino mzuri na sahihi ya kila mdaiwa, alikuwa na kaye la vichekesho.

Hapo ndipo wafanyabiashara wetu walijifunza kuandika madeni kwa dola, au kwa vitu: bido tatu za mawese, gunia moja la mihogo mikavu. Mtu wa mbali anaweza kucheka akiona "bido 3" katika daftari la leo. Hiyo ni akili iliyonunuliwa kwa bei kali. Na iko faida ndani yake kwa swali letu: programu yoyote isiyokuruhusu kuandika kwa dola na franka kwa pamoja, na kuweka kiwango cha siku ile, haijui Kivu.

Sasa tufike kwenye sheria za leo, maana kijana yule alimtisha mama kwa sheria. Idara ya kodi tunayoijua kwa jina la DGI ilianzishwa 2003. Mwaka 2010 ikaandikwa sheria ya TVA, na TVA ikaanza kutozwa tarehe 1 Januari 2012, kwa kiwango cha 16 kwa mia. Inamhusu mwenye mauzo ya kuanzia franka milioni 80 kwa mwaka. Kwa wadogo ilitoka sheria ya Februari 2013: mwenye mauzo yasiyozidi milioni 10 alitakiwa kulipa franka 50 000 kwa mwaka, aliyekuwa kati ya milioni 10 na 80 alitakiwa kulipa 1 kwa mia ya mauzo kama anauza bidhaa, au 2 kwa mia kama anatoa huduma. Maneno haya yanaeleweka. Mtu anaweza kuyasoma sokoni kwa sauti kubwa na kila mama akajua yuko wapi.

Lakini kuna mtego ambao watu hawauoni. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu franka 920. Milioni 80 ilikuwa kama dola 87 000, mali ya mtu mkubwa kweli. Mwaka 2024 dola ilifika karibu franka 2 800. Milioni 80 ile ile ikawa kama dola 28 500 kwa mwaka, yaani chini ya dola 100 kwa siku ya kazi. Depo ya sukari na mafuta yenye wateja wazuri inafika hapo bila kuongeza hata rafu moja. Mtu hakukua, ni franka iliyopungua, lakini mbele ya sheria amekuwa mkubwa, na wakubwa ndio wanaodaiwa fakitire mpya. Ndiyo maana hesabu ya kila siku si kazi ya wasomi peke yao. Asiyeandika mauzo yake hawezi kuthibitisha kwamba yeye bado ni mdogo, na mwenye kalamu ya kutoza ataandika namba anayoitaka yeye.

Mwaka 2012 huo huo, mwezi wa Septemba, Kongo iliingia OHADA, ule umoja wa sheria za biashara wa nchi nyingi za Afrika. Sheria yake ya uhasibu inamwachia mfanyabiashara mdogo kabisa njia nyepesi, ambapo anaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lakini inataka pia vitabu na karatasi za ushahidi vitunzwe miaka 10. Nilipomsomea mzee mmoja wa hapa kifungu hicho alinyamaza, kisha akahesabu kwa vidole: 1996, 1998, 2009, 2012, 2025. "Miaka kumi ya kukaa bila kukimbia," alisema, "hiyo mimi sijawahi kuiona tangu niwe mzee." Walioandika kifungu kile hawakuwa wanafikiria nyumba za Bunyakiri.

Na kuna karatasi nyingine ambazo sheria haizitaji. Njia yetu, barabara ya taifa namba 3, inatoka Bukavu, inapita Miti na msitu wa Kahuzi-Biega, inafika hapa kwetu, inashuka mpaka Hombo na kuendelea kuelekea Walikale na Kisangani. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Vingine vilikuwa vya watu wa serikali, vingine vya watu wenye silaha. Mahali pengi mtu anapewa kijikaratasi au jeto, na akikionyesha mbele anaachwa. Si unaona? Ni kile kitabu cha Mbelgiji kimerudi. Mama anayebeba mawese anaweza kufika sokoni na karatasi tano za kuthibitisha amelipa, asiwe na hata moja ya kuthibitisha ameuza. Akiulizwa mwisho wa mwaka kama amepata faida, hana la kusema, kwa sababu kila alichotoa njiani hakikuandikwa popote katika kaye lake. Mimi ningemwomba akiandike, hata kama karatasi yenyewe haina muhuri wa halali. Ni gharama, na gharama isiyoandikwa inakula mtaji kimya kimya.

Jirani zetu walitangulia kwenye mashine hizi, na yaliyowapata yanafaa kusikilizwa. Kenya ilileta mashine za risiti za kodi katika miaka ya 2000, na mwaka 2023 ikaleta eTIMS, ambayo ina njia ya mdogo kabisa kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti. Tanzania ilianza mashine za EFD mwaka 2010. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia namna maofisa wa kodi walivyowafuata. Uganda iliweka EFRIS tangu Januari 2021, na Aprili 2024 maduka ya katikati ya Kampala yalifungwa kwa sababu hiyo. Rwanda ilianza na EBM mwaka 2013. Mwanzo ilikuwa mashine ya kununua, ghali kwa mwenye duka dogo, baadaye ikawa programu ya kuweka kwenye kompyuta au simu. Wengi wenu mnaonunua Kamembe au Kampala mnazijua karatasi hizo zenye kile kiraba cha madoa meusi cha kupigia picha. Zinafika hapa ndani ya magunia, tunazitupa. Msizitupe tena: ndizo karatasi zinazoonyesha mliponunua na kwa bei gani.

Kwa kweli wanaogoma huko hawakatai kuandika. Malalamiko yao yanafanana kila mahali: mashine inagharimu, mtandao unakatika, kosa dogo linaleta faini kubwa, na muuzaji wa jumla asipotoa risiti ni muuzaji wa rejareja anayeadhibiwa.

Kwetu Kongo, kitu chenyewe kinaitwa kwa Kifaransa facture normalisée, tuseme fakitire sanifu. Namna inavyofanya kazi ni hii. Ukiuza, chombo chako kinapeleka namba za mauzo kwa DGI, kinarudishiwa msimbo, na msimbo huo pamoja na kiraba cha madoa vinachapwa kwenye fakitire. Mnunuzi anaweza kupiga picha na kuhakikisha kwamba fakitire ni ya kweli. Kuna njia ya mashine ya mkononi, na kuna njia ya mtandaoni, ambapo programu yako ya kawaida inaunganishwa na ile ya DGI. Waliolengwa kwanza ni wanaolipa TVA. Mama mwenye meza ya sabuni hakuwamo kati yao. Kwa hiyo kijana aliyesema "wote watafungwa" alikuwa anauza programu, hakuwa anasoma sheria.

Halafu kuna hali yetu ya sasa. Tangu katikati ya Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango na pesa zikapita zaidi kwenye simu na mikononi. Watu wananiuliza: fakitire ya nani inatambuliwa, ofisi ipi inapokea? Hilo si langu kuliamua, na sitaki mtu aumie kwa sababu ya neno langu. Nasema hili tu: kuna hesabu ambayo haimhusu mtawala yeyote. Nani ana deni lako, wewe una deni la nani, na ulikuwa na nini siku ulipokimbia. Nimewaona watu waliorudi wakakuta wadaiwa wao wakisema "deni gani?" Nimeona pia mdaiwa mwaminifu aliyetaka kulipa bila kukumbuka kiasi, na wawili hao wakagombana hadi leo hawasalimiani. Marafiki wale wangeokolewa na karatasi moja.

Basi, mama, nichague ipi? Kwanza, usinunue chochote mwezi huu. Ukifika kiwango cha TVA, ulizia kama programu imekubaliwa na DGI, na udai karatasi ya kukubaliwa kwake, si maneno ya muuzaji. Kabla ya hapo unatafuta kitu cha kukutumikia wewe. Mtu akikuonyesha programu, mwambie azime intaneti mbele yako, kisha auze sabuni mbili. Ikigoma, mwache aende. Hapa mtandao unapanda na kushuka na mvua. Mwambie akuonyeshe namna ya kutoa orodha yote ya madeni nje ya programu, kwenye faili la kawaida ambalo unaweza kumtumia mwanao. Wengi watababaika hapo. Programu inayokubali namba zako ziingie na kukataa zitoke ni kabati la mtu mwingine. Ulizia bei ya mwaka wa pili, siyo ya mwezi wa kwanza. Na ulizia kama inaongea Kifaransa au Kiswahili, maana msichana atakayekusaidia dukani hatafanya kazi kwa Kiingereza.

Zipo za bure. Loyverse inakaa kwenye simu na inauza hata bila mtandao, kisha inatuma ikipata mtandao. Dolibarr ni ya wazi, ina Kifaransa kizuri, lakini inataka kompyuta na mtu wa kuipanga. Inafaa koperative au depo kubwa kuliko meza ya soko. Na jedwali la kawaida kwenye simu, lenye safu ya tarehe, jina, bidhaa, kiasi, dola, franka, lilipwa au la, linatosha kwa watu wengi kuliko wauzaji wa programu wanavyopenda kukiri.

Lakini simu nayo inaibwa, na njiani inachukuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Weka neno la siri. Fikiria pia kwamba orodha ya mali yako na wateja wako ikisomwa na mtu mbaya ni hatari, kwa hiyo mahali penye wasiwasi andika wateja kwa vifupi unavyovijua wewe. Kila jioni ya soko piga picha ukurasa wa kaye na umtumie ndugu mmoja aliye mji mwingine. Kaye la karatasi lisiachwe. Betri yake haiishi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeongea sana kama padri. Kisha akanieleza alichofanya tayari bila kuningoja. Amenunua kaye jipya, ameketi na binti yake usiku, na wanaandika kwa kukumbuka: jina, kijiji, bido ngapi, sabuni ngapi. Anaowapata hapo Bukavu anawaita, wanasoma pamoja, wanakubaliana kiasi, mtu anaweka sahihi au kidole, na binti anapiga picha. Wawili wamekana. Mmoja, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemsahau, alikuja kujiandikisha.